Usikimbilie Kushusha Giaboksi

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi mliokuja kwa sababu mnayapenda tu magari haya, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie gia zinazogoma kwenye magari ya spoti ya zamani. Mifano mingi nitaitoa kwenye Porsche 911, hasa yenye giaboksi ya 915, iliyoanza kwa magari ya mwaka 1972 na kudumu hadi 1986. Sababu ni kwamba ndani ya gari hilo njia kutoka kiganjani mwa dereva hadi kwenye meno ya gia ni ndefu mno, na kila ugonjwa unaoweza kuipata njia hiyo utaukuta humo. Mwenye MGB, Alfa Romeo au Datsun 240Z asiondoke. Vyuma vinatofautiana, lakini namna ya kuutafuta ugonjwa ni ileile.

Ninalotaka kulisema leo ni moja: gia ikikataa kuingia, giaboksi iwe kitu cha mwisho kushukiwa. Nimeona giaboksi zikishushwa, zikafunguliwa, zikawekewa beringi mpya na sinkro mpya (pete za kulinganisha kasi za gia), zikarudishwa garini, na gia ikaendelea kugoma vilevile. Ugonjwa ulikuwa kwenye kibushi, yaani kipete cha plastiki unachoweza kukificha ndani ya ngumi. Jambo hili linaniuma. Linammaliza mwenye gari mfukoni, na linaifungua bila sababu giaboksi ambayo pengine haijaguswa tangu itoke kiwandani.

Tuanze na njia yenyewe. Kwenye 911 injini iko nyuma kabisa, na giaboksi iko mbele ya injini, karibu na viti vidogo vya nyuma. Mkono wa gia uko mbele, kati ya dereva na abiria. Ncha ya chini ya mkono huo ni ya mviringo, nayo inakaa ndani ya kikombe cha plastiki. Kikombe hicho kinaisukuma fimbo ndefu inayopita ndani ya handaki la sakafu. Njiani fimbo inashikiliwa na bushi ili isiyumbe. Mwisho wake, nyuma, inaungana na fimbo fupi inayotoka ndani ya giaboksi, na hapo kwenye muungano kuna kapulingi yenye bushi zake. Sasa hesabuni wenyewe ni mahali pangapi mwendo wa mkono unaweza kupotea kabla haujaifikia giaboksi. Na hapo bado hatujaigusa klachi, ambayo nayo ina pedeli, bushi za pedeli, waya, mkono wa kuachia, rilisi beringi, prezha pleti na klachi pleti.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Zima injini, kaa kwenye kiti, pitisha gia zote moja baada ya nyingine, mbele, nyuma, na rivasi. Ikigoma mara moja usiilazimishe. Gari likiwa limesimama, meno yanaweza kuwa yamekutana ncha kwa ncha, kwa hiyo lisukume kidogo ujaribu tena. Kisha washa injini, kanyaga klachi hadi mwisho, urudie zoezi lote hapohapo gari likiwa limesimama.

Ikiwa gia zote zinaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, halafu zinagoma au kusaga injini ikiwaka, shuku klachi. Haiachii sawasawa, na shafti ya giaboksi inaendelea kuzungushwa wakati wewe unataka itulie. Ikiwa zinagoma hata injini imezimwa, shuku fimbo, bushi na marekebisho yake. Ikiwa zinaingia vizuri gari likiwa limesimama, lakini barabarani gia moja inasaga ukiiingiza, hapo ndipo uanze kufikiria ndani ya giaboksi. Nimekuta mafundi wenye mikono mizuri kabisa wakiiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitoto. Haichukui muda, na ndiyo inayokuambia uanzie wapi kushika kazi.

Sasa klachi. Rivasi ndiyo shahidi mzuri kuliko wote, kwa sababu kwenye magari mengi ya zamani haina sinkro. Injini ikiwa imeshapata moto na sailensa yake, yaani kasi yake bila kukanyaga mafuta, ni ya kawaida, kanyaga klachi, subiri kidogo ili shafti isimame, kisha ingiza rivasi polepole. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikisaga hata baada ya kusubiri, kuna kitu kinaiburuza ile shafti. Nimetaja sailensa makusudi: injini inayozunguka kwa kasi mno ikiwa imesimama itafanya hata klachi nzima ionekane mbovu.

Kabla hujalala chini ya gari, tazama sakafuni. Zulia nene lililowekwa chini ya pedeli linatosha kuizuia isifike mwisho. Kwenye 911 kuna pia kizuizi cha pedeli kinachorekebishika, na mtu akikiweka juu kupita kiasi, klachi haitaachia kamwe hata ukiweka waya mpya. Baada ya hapo pima mchezo wa pedeli, yaani ule mwendo mwepesi kabla haijaanza kuwa nzito. Kwa 911 za mwanzoni mwa miaka ya 1970 kipimo ni milimita 20 hadi 25. Zile za baadaye, zenye springi ya kusaidia kwenye mkono wa kuachia, zina utaratibu wao wa kupima, na ni lazima ufuate kitabu cha mwaka wa gari lako. Waya uliolegea, bushi za pedeli zilizolika, au bomba la waya lililobanduka ndani ya handaki, vyote vinakula mwendo ambao ungepaswa kufika kwenye klachi. Gari lenye klachi inayosukumwa na mafuta badala ya waya, kama 911 za kuanzia mwaka 1987 zilipopata giaboksi ya G50, lina mengine ya kutazama: hewa kwenye mfumo, mipira ya masta silinda inayopitisha, na hozi ya zamani inayovimba ndani.

Mwenye 911 SC anisikilize hapa vizuri. Magari hayo, ya mwaka 1978 hadi 1983, yalitoka kiwandani na klachi pleti yenye kitovu cha mpira, uliokusudiwa kumeza mtikisiko wa mwendo wa polepole. Mpira ule huzeeka, hupasuka, na vipande vyake huweza kukwama ndani ya klachi. Dereva anashangaa gari lililoingia gia vizuri asubuhi linakataa kabisa jioni. Waya hauna kosa, giaboksi haina kosa. Ikiwa gari lako ni la miaka hiyo na hakuna kumbukumbu kwamba pleti imewahi kubadilishwa, iweke juu kabisa kwenye orodha ya vitu vya kushuku. Injini itabidi ishuke, hilo halikwepeki, lakini angalau inashuka kwa sababu ya kweli.

Tukija kwenye fimbo, ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu ndipo magari mengi yanapopona.

Chukueni karatasi mchore ramani ya gia. Kwenye 915, ya kwanza, ya tatu na ya tano ziko mbele. Ya pili, ya nne na rivasi ziko nyuma. Ya kwanza na ya pili ziko kushoto, ya tatu na ya nne katikati, ya tano na rivasi kulia. Sasa wekeni alama kwenye kila gia inayosumbua, kisha mtazame alama zimejipanga vipi. Ikiwa zile zote za mbele haziingii hadi mwisho lakini za nyuma ni nzuri, au kinyume chake, hitilafu iko kwenye urefu wa fimbo: imefungwa mbele mno au nyuma mno. Haiwezekani gia tatu zinazosukumwa na uma tatu tofauti (vyuma vyenye umbo la uma vinavyoingiza gia) ndani ya giaboksi zikaharibika kwa mkupuo upande uleule. Ikiwa unapapasa bila kuipata safu ya kushoto, au ya kulia, hitilafu ni ya mzunguko: fimbo imefungwa ikiwa imepinda kidogo. Hapo kuna tahadhari. Gia mbili za safu moja, kama ya kwanza na ya pili, zinashirikiana uma mmoja ndani ya giaboksi, kwa hiyo zikisumbua pamoja usiapie kwamba tatizo liko nje. Rekebisha fimbo kwanza, uone. Na ikiwa ni gia moja tu peke yake inayosumbua, jirani zake wote wakiwa wazima, uwezekano mkubwa ni wa ndani.

Wenye 911 za kabla ya 1972, zenye giaboksi ya 901 au ya 911, ramani yenu ni nyingine. Ya kwanza iko kushoto nyuma, na rivasi iko mbele yake. Ya kwanza na rivasi ndizo zinazoshirikiana uma, ya pili na ya tatu zina wao, ya nne na ya tano wao. Ichoreni kama ilivyo msije mkasoma ramani ya gari lisilo lenu.

Sasa tufungue. Sukuma viti mbele, inua zulia la kati huko nyuma. Kuna kifuniko kidogo cha bati juu ya handaki. Kitoe, umulike ndani. Mara nyingi kabla hujaiona kapulingi yenyewe utaona makombo ya plastiki yaliyotapakaa chini yake, mengine yamekuwa unga uliochanganyika na grisi nyeusi. Hizo ni bushi zako. Mwambie mwenzako akae kwenye kiti cha dereva autikise mkono wa gia taratibu, kushoto na kulia, na wewe usiondoe macho kwenye kapulingi. Kwenye gari zima nusu ya mbele na nusu ya nyuma hugeuka pamoja. Kwenye gari lililochoka utaiona nusu ya mbele ikianza kugeuka peke yake, inaingia kwenye nafasi tupu, inagonga pini, halafu ndipo ile ya nyuma inajivuta. Nafasi ile tupu, inapofika juu kwenye kirungu cha gia, ni ule ulegevu unaomfanya dereva aseme "mkono umekuwa kama mwiko ndani ya uji".

Bushi za kapulingi zinabadilishwa kwa kuitoa kapulingi na kupiga pini nje. Pini hugoma, kwa hiyo ishike kapulingi kwenye jiliwa iliyobana vizuri, na usiipige nyundo ikiwa bado garini, kwa sababu mapigo yote yanaingia kwenye giaboksi. Ukiwa huko, usiache kile kikombe cha chini ya mkono wa gia. Plastiki yake hukauka, hupasuka, na grisi ya miaka mingi hugeuka gundi. Safisha, weka kipya, paka grisi mpya. Bushi inayoshikilia fimbo nayo ni ndogo na haionekani kirahisi, lakini ikiwa imekufa fimbo itapanda na kushuka kila unapobadilisha gia. Wenye Datsun 240Z na wenye Triumph wana hadithi ya karibu na hii: mkono wao umekaa juu ya giaboksi moja kwa moja, hakuna fimbo ndefu, lakini shinani kuna vibushi vya plastiki vinavyolika kwa namna ileile.

Ukishaweka bushi mpya ni lazima urekebishe upya. Giaboksi iwe kwenye nyutro. Legeza boliti inayobana kapulingi kwenye fimbo, ili fimbo iweze kuteleza na kuzunguka. Fuata kitabu cha gari lako kuhusu upande ambao fimbo ya giaboksi inazungushwa hadi igote na mahali mkono unaposhikwa, kisha kaza. Kazi hii inataka subira. Tofauti ya milimita moja kwenye kapulingi inaonekana mkononi. Jaribu, legeza, sogeza unywele mmoja, kaza, jaribu tena. Ukifika pazuri, piga mstari wa rangi unaovuka kapulingi na fimbo, ili siku gia zikianza kusumbua tena uone mara moja kama boliti imeteleza.

Kuna ugonjwa mwingine wa nje unaofanana sana na wa ndani: gia kuruka yenyewe. Injini na giaboksi zinaning'inia kwenye mipira, yaani mauntingi. Mipira ikifa, ukikanyaga mafuta kwa nguvu mzigo wote unasogea, lakini fimbo na mkono vimeshikwa na bodi, havisogei nao. Giaboksi inajivuta yenyewe kutoka kwenye gia. Ikiwa gia inaruka unapokanyaga kwa ghafla au unapoachia kwa ghafla, na hasa ikiwa ni zaidi ya gia moja, angalia mauntingi kwanza. Angalia pia mpira unaofunika shina la mkono. Ule ukikakamaa unaweza kuusukuma mkono urudi kabla gia haijaingia hadi mwisho. Baada ya hayo ndipo tuzungumze juu ya uma uliolika, goroli na springi za ndani zilizochoka, au meno yaliyoviringika. Na kwa heshima kabisa nawaomba, msiendeshe mkono ukiwa umepumzika juu ya gia. Uzito ule, hata kama ni mdogo, unaubana uma dhidi ya chuma kinachozunguka, safari nzima.

Ndani ya giaboksi sitakaa sana, ila sinkro ni lazima tuielewe. Kazi yake ni kulinganisha kasi za vyuma viwili kabla havijashikana, kama mtu anayedandia basi linalotembea: hukimbia sambamba nalo kwanza, ndipo anaruka. Sinkro ya Porsche, iliyoingia kwenye 356 mwaka 1952 na ikaja kutumiwa hata na Alfa Romeo, ni pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, nayo inapanuka na kubana hadi kasi zilingane. Ni imara, lakini inataka muda wake. Giaboksi ya 915 haipendi kuharakishwa. Toa gia, pumzika kidogo kwenye nyutro, ingiza. Na ya kwanza iingize gari likiwa limesimama. Anayeivuta kutoka ya pili kwenda ya kwanza gari likiwa bado linatembea anaila pete hiyo kila siku.

Kupima sinkro, endesha hadi oili ipate moto kabisa, kisha shuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa mwendo wa wastani. Ikisaga, rudia kwa kukanyaga klachi mara mbili: kanyaga, weka nyutro, achia, gusa mafuta injini ipande kidogo, kanyaga tena, ingiza ya pili. Ikiingia kimya kwa njia hiyo, na rivasi haikusaga pale mwanzo, basi klachi ni nzima na sinkro ya pili imechoka. Msishangae kwamba mara nyingi ni ya pili: ndiyo inayobeba tofauti kubwa ya kasi kila unaposhuka gia. Kusaga kunakotokea asubuhi tu na kuisha baada ya kilomita chache ni jambo lingine. Alfa Romeo za miaka ya 1960 na 1970 zinajulikana kwa hilo, na wenye nazo huiruhusu gia ya pili ipate moto kabla ya kuidai chochote. Kumbukeni pia kwamba magari mengine hayana sinkro kwenye gia ya kwanza toka kiwandani. Jaguar E-Type ya lita 3.8 ni mmojawapo, hadi ilipokuja ile ya lita 4.2 mwaka 1964, na MGB ilikuwa hivyo hadi mwaka 1967. Gari la namna hiyo likisaga ukiiingiza ya kwanza likiwa linatembea, si bovu. Ndivyo lilivyoundwa.

Oili. Hapa watu wengi wanaharibu giaboksi kwa nia njema. Oili ya daraja la GL-5 ina viungo vingi zaidi vya kulinda meno ya difu, na baadhi ya viungo hivyo vinaweza kuila shaba polepole. Tena inateleza kiasi kwamba pete za shaba zinashindwa kushika. Magari yenye sinkro za shaba kwa kawaida hutaka GL-4. Giaboksi ya 915 ina pete za chuma, na difu yake imo humohumo, ikiogelea kwenye oili ileile, kwa hiyo mahitaji yake ni tofauti. MGB kiwanda chenyewe kiliagiza giaboksi iwekewe oili ya injini, 20W-50. Usimwige jirani, soma kitabu cha gari lako.

Ukienda kumwaga oili, fungua kwanza plagi ya kujazia. Ukiimwaga yote halafu ukakuta plagi ya kujazia imeganda, umebaki na gari lisilotembea. Kisha itazame sumaku ya plagi ya chini. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida kwa giaboksi yenye umri. Vimeta vya rangi ya dhahabu ndani ya oili, kwa gari lenye sinkro za shaba, vinasema sinkro zinalika. Kipande cha chuma chenye kona ni jino au pande la pete, na hapo nakubali: shusha giaboksi. Ikishafunguliwa, dai kwamba siyo pete tu zitazamwe, bali na meno madogo yanayoshikwa na slivu (pete inayosogezwa na uma), pamoja na uma wenyewe, kwa sababu pete mpya juu ya meno yaliyoviringika haitadumu.

Gari liko hapo uani. Kifuniko cha handaki nimeshakitoa na bushi za zamani bado zimo, sikuzigusa. Njooni wawili wawili, mmoja akae kwenye kiti cha dereva autikise mkono, mwingine achungulie na tochi. Karatasi na kalamu ziko mezani karibu na mlango. Kila mmoja achore ramani ya gia za gari lake aweke alama zake, kisha aje nayo pale tuisome pamoja.